Mkono Uliozoea Bweni

Wanafunzi walimwita Mama Mapipa, na jina hilo alistaafu nalo. Kwa miaka thelathini na mmoja alipikia shule ya bweni kwa masufuria makubwa kama mapipa, watoto mia sita, na hakuwahi kupima kitu kwa kijiko. Chumvi aliichota kwa kiganja na kuirusha huku akigombana na mtu wa kuni au akijifuta jasho. Mkono ulijua kazi yake.

Sasa alikuwa na karoti moja, viazi viwili na kipande cha boga. Mjukuu wake wa miezi sita alikuwa amekaa kwenye beseni lililojazwa mito, akitafuna ngumi.

Asubuhi hiyo binti yake alikuwa anarudi kazini baada ya likizo ya uzazi. Walikuwa wamebishana wiki nzima. Binti alitaka kumpeleka mtoto kwa jirani anayelea watoto. Mama Mapipa alitaka aachiwe yeye. "Nijaribu siku moja tu," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu asiyezoea kuomba.

"Maji kidogo, mama. Na chumvi hapana, nesi amesema mpaka afikishe mwaka."

"Nimesikia mara tatu."

"Na sufuria yote hiyo! Tunalisha mtoto au bweni zima?"

"Hebu niondokee. Umekula kwenye mapipa yangu mpaka ukaota mashavu."

Binti alicheka, akaingia chumbani kuvaa.

Mboga ziliiva zikalainika. Mama Mapipa alizipondaponda, akazilegeza kwa maji yake yenyewe, ikawa supu laini ya rangi ya chungwa. Mtoto akaanza kulia. "Inakuja, mume wangu, inakuja," alimbembeleza, uso kwa mtoto, mkono jikoni. Alipogeuka, kopo la chumvi lilikuwa wazi na vidole vyake vina chembe nyeupe.

Alionja. Ilikuwa imekolea vizuri kabisa, kwa mtu mzima.

Angeweza kukaa kimya. Mtoto hana ulimi wa kusema. Alimtazama, naye mtoto akaacha kulia, akafungua mdomo, akamngoja.

Binti alimkuta akiimwaga kwenye sinki.

"Mama, vipi?"

"Nimetia chumvi. Mkono umeenda wenyewe." Hakumwangalia. "Mpeleke tu kwa jirani."

Binti aliegemea mlango.

"Usingesema, nisingejua."

"Najua."

"Kimebaki nini?"

"Kiazi kimoja."

Binti alivua viatu, akapiga simu kazini kusema atachelewa. Mama Mapipa alishika kisu kwa mkono wa kushoto. Kiazi kikamponyoka, kikadunda sakafuni.

"Sasa ndiyo nini hiyo, mama?"

"Huu haujazoea kitu," alisema, akainama kukiokota.

Supu ya pili ilichukua muda. Kijiko cha kwanza mtoto alikitema chote kidevuni. Cha pili akakimeza, akashangaa.

Saa tatu na nusu binti aliondoka peke yake.