Kumsindikiza Mnyonyadamu

Naandika haya ili kumbukumbu zikae sawa, kwa kuwa miongoni mwa Waswahili wa hapa Minneapolis na Saint Paul imeenea habari kwamba mimi, msajili mstaafu wa vizazi na vifo, nimeingia uchawi uzeeni. Sikuingia uchawi. Nilijiunga na darasa la uandishi kwenye maktaba ya Columbia Heights, jambo ambalo ni tofauti kabisa, ingawa ni kweli kwamba msimu ule tuliandika kuhusu wanyonyadamu na watu wanaogeuka mbwamwitu.

Binti yangu ndiye aliyeniandikisha. Alikuwa amechoka kunikuta dirishani nikimkosoa jirani kwa namna anavyozoa theluji.

Mwalimu alikuwa mwanamke kijana, mzaliwa wa hapa hapa, mwenye soksi nene za sufu na upole mwingi. Alitutaka tuandike jambo jipya. Makasri, majoho meusi na wasichana wanaozimia, alisema, vimeshatosha. Kila mmoja achukue kanuni moja ya zamani aitazame akiwa nyumbani kwake mwenyewe. Jioni ya kufunga darasa tungesoma hadithi zetu mbele ya watu, na mimi, kwa haraka isiyo ya kawaida yangu, nikawaalika waumini wote wa kanisa letu.

Mwenzangu wa pekee katika lugha alikuwa mama mmoja kutoka mashariki ya Kongo, mhudumu katika nyumba ya kulelea wazee. Mbwamwitu wake naye alikuwa mhudumu wa wazee. Shida ya kiumbe yule haikuwa mwezi mpevu, bali ratiba ya zamu: kila alipoomba abadilishiwe usiku ule, msimamizi alimjibu kwamba mwezi umo kwenye kalenda, angeomba mapema. Ilikuwa hadithi bora kabisa, nami nasema hivyo pamoja na Kifaransa alichoinyunyizia bila sababu.

Mimi nilianza kwa mgogoro. Nilitaka kujua mtu aliyekufa karne mbili zilizopita anamilikije kasri. Kifo chake kilisajiliwa au hakikusajiliwa? Kama kilisajiliwa, hati ya nyumba inasomeka kwa jina la nani? Mwalimu alisema wasomaji hawajali. Nilishangaa sana kusikia hivyo ndani ya maktaba ya umma.

"Tuchukue kanuni nyingine," alisema. "Mnyonyadamu hawezi kuvuka kizingiti mpaka mwenye nyumba amkaribishe. Hiyo ndiyo kinga."

"Kinga ya nani?" niliuliza.

"Ya wenye nyumba."

Yule mama alipiga kofi juu ya meza. "Papa! Sisi basi tumeisha!"

Ilibidi nilieleze darasa. Kwetu mtu akipiga hodi hujibiwa "karibu" kutoka jikoni, mikono ikiwa bado kwenye unga, kabla hajajulikana kama ni shemeji au mwizi. Mnyonyadamu angemaliza mtaa mzima kabla ya chakula cha jioni.

Hapo ndipo nilipoipata hadithi yangu. Mnyonyadamu anapiga hodi kwenye nyumba ya Watanzania, anakaribishwa, anakalishwa. Kabla hajafungua kinywa, sahani ya pilau iko mbele yake. Anasema hali kitunguu saumu; anajibiwa kwamba kimetiwa kidogo tu. Anaulizwa habari za wazazi. Wamefariki. Anapewa pole. Lini? Zamani sana. Anapewa pole nyingine. Akikumbuka alichojia, mtoto wa mwisho ameshalala mapajani pake, na shingo ya mtoto aliyelala kwa imani namna ile haimpi mtu hamu. Anaomba ruhusa ya kuondoka.

"Mbona mapema?" anaulizwa.

Ndipo anaanza kusindikizwa. Anasindikizwa mpaka mlangoni, wanazungumza. Mpaka chini ya ngazi, wanazungumza. Mpaka kituo cha basi, ambako mwenyeji anakumbuka kwamba mgeni hakufungiwa chakula, anarudi mbio, anamwacha pale. Anaporudi, jua limechomoza na kituoni pana majivu tu. Mwenyeji anasimama na kopo lake la pilau, akiamini kwamba mgeni amepanda basi bila kuaga, na anasikitika kwamba watu siku hizi hawana adabu.

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema nipunguze kule kuaga.

"Kumechukua nusu ya hadithi," alisema. "Andika tu: akaondoka."

"Kuaga ndiko kunakomwua, mwalimu."

"Lakini hakuna anayeaga hivyo. Msomaji hataamini. Bila kupunguza, siwezi kukupa nafasi jioni ile; wengine nao wanasoma."

Niliomba nifikirie. Sikufikiria lolote. Nilikuwa nimeshaamua kwamba ama kuaga kunasomwa kote, ama waumini watakuja waelezwe kwamba nimejiondoa.

"Papa, kata kidogo," mama alinisihi kwenye viti vya mlangoni. "Weye uko kichwa nguvu kama bureau ya État."

"Mama, hiyo ofisi ya serikali ndiyo iliyonilea."

Mchana wa kipindi cha mwisho kabla ya jioni ile, jua likiwa bado linang'aa juu ya theluji, mwalimu alijipiga mapaja kwa viganja viwili, akasema, "Haya basi." Akasimama. Akatueleza hali ya barabara. Akavaa koti, akatueleza goti la mama yake. Mlangoni, mkono ukiwa kwenye kitasa, akaulizia watoto wa yule mama wa Kongo. Tulitoka naye mpaka kwenye maegesho. Akafungua gari, akakumbuka jambo, akarudi ndani akatuletea kopo la tambi za kuoka zilizobaki. Akaingia garini, akawasha, akashusha kioo, akaanza habari za shangazi yake wa Apple Valley.

Mama alinishika mkono wa koti. "Papa," alinong'ona, "huyu anatusindikiza."

Nilingoja habari za shangazi ziishe, kwa heshima.

"Mwalimu," nilisema, "jua liko wapi?"

Alitazama juu. Taa za maegesho zilikuwa zimeshawaka. Alitazama kopo la tambi mikononi mwangu, kisha akatutazama sisi wawili.

"Soma yote," alisema hatimaye. "Usikate hata mstari."

Nilimshukuru. Akapandisha kioo, akarudi nyuma taratibu, akageuza gari, akasimama, akashusha kioo tena.

"Mwende salama," alisema. "Na angalieni kulungu barabarani!"

Sisi tulikuwa tunangoja basi.