Chuma cha Upande wa Kushoto

Mkubwa wetu wa ofisi alisema maneno mawili tu. Pikipiki ifungwe vyuma vya kukinga kabla ya Jumatatu, na mwenye atakuja nayo Jumatatu ndiye ataandikwa kazi. Alisema hivyo akiangalia simu yake. Mimi na ndugu yangu mkubwa tulikuwa tumesimama mbele ya meza, yeye na magongo, mimi na helmeti mkononi, na hakuna mtu aliuliza ni nani kati yetu.

Kazi ilikuwa yake. Hiyo naiandika wazi ndio nisijidanganye. Ni yeye alikuwa anabeba sampuli za damu na makohozi kutoka dispensari za Budalang'i mpaka maabara Busia, kisanduku cha baridi kimefungwa nyuma, juu ya ile pikipiki ndefu yenye inaenda lami na matope vilevile. Haikuwa na chuma hata kimoja kando. Siku moja mvua ilikuwa imelegeza barabara chini ya tuta la mto, ikateleza, ikamlalia mguu wa kushoto, injini ikiwa moto. Alikaa chini yake mpaka wanawake wa kutoka sokoni wakaja wakaiinua. Goti lilipona likiwa limenyooka. Halikunji hata kidogo.

Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, fomu foo, niko tu nyumbani na madaftari yangu. Ni yeye alikuwa amenifundisha kuendesha, kwa uwanja wa kanisa, akikimbia kando yangu akishika kiti. Kwa hivyo nikashika nafasi yake kwa muda. Kwa muda, hivyo ndivyo mama alisema, na kila mtu akarudia.

Muda ukawa miezi minne. Nikajua mashimo yote. Manesi wakaanza kuniita sista wa sampuli, wakiniona wanaweka chai. Kwa stej ya boda, pale wenye pikipiki wanangoja abiria, walinicheka wiki moja, wakaacha. Sikuwahi kuwa mtu wa kungojwa mahali popote, na sasa kuna watu wanatoka nje wakisikia injini yangu. Halafu plasta ya mguu wake ikatolewa na yeye akaanza kusema, nikirudi kazini. Nikirudi nitafanya hivi. Nikirudi nitapitia kule.

Alikuwa na mpango. Aliuchora nyuma ya daftari langu bila kuniuliza. Chuma cha kushoto kiwe kipana, kiwe na dirisha lenye mguu wake utapita ukiwa umenyooka mbele, kisigino kilale juu ya bomba, na gia isogezwe na fimbo ya chuma mpaka ifike vidole vya mguu. Goti limekufa lakini kifundo kinafanya kazi, alikuwa anasema. Alikuwa amefunga mwiko kwa mguu wa kitanda, na kila asubuhi kabla sijaamka vizuri namsikia kwa ukuta akiupiga na vidole vya mguu, kama anabadilisha gia. Moja chini, mbili juu, tatu juu. Nilikuwa nafunika kichwa na blanketi. Niseme ukweli, hiyo sauti nilianza kuichukia kabla ya kuanza kumwonea huruma, na huruma haikuwahi kufika vizuri.

Ijumaa tukaenda kutafuta vyuma. Tulianza Busia, kwa duka ya mzee mmoja Mwislamu mwenye anauza spea karibu na kituo cha malori. Akatoa vyuma vya kung'aa vimefungwa na nailoni, akasema vimepitia Kampala, hata wazungu wanafunga. Niligonga na ufunguo. Vililia kama sahani. Halafu vilikuwa vinashikwa na nati moja tu, hapo chini ya injini, ukianguka mara moja vinazunguka vinakuja kukukata wewe mwenyewe. Ndugu yangu akasema hayo ni mapambo. Nikasema ni kweli. Hiyo ndiyo kitu ya mwisho tulikubaliana siku hiyo.

Tukachukua barabara ya Malaba, mimi mbele, yeye nyuma, mguu wake umetoka kando kama mti umebebwa vibaya. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka mbali. Dereva mmoja alikuwa amekaa kwa ngazi ya lori yake akikata kucha, akaniita: "Madam, punguza huo mti, utaning'olea kioo."

Nikacheka. Ndugu yangu alikuwa ameshika kiuno changu, kwa hivyo kicheko changu alikisikia kwa mikono yake. Alijaribu kuvuta mguu ndani, na hauwezi kuvutwa.

Fundi wa Malaba ni mtu wa kabila la Wateso, mkubwa wa mwili, maneno yake kidogo. Hanunui bomba mpya, anatoa kwa malori yenye yamepinduka. Kabla ya kukunja anajaza mchanga ndani, anaziba pande zote na mbao, anachoma mpaka chuma kinakuwa chekundu, halafu anazungusha polepole kwa rimu ya lori. Bila mchanga bomba linajikunja kama mrija na hapo ndipo litavunjika siku ya shida. Anashikiza chuma kwa fremu sehemu tatu, hagusi mahali pa kumwagia oili. Hiyo yote nilijua, ndio maana tukaenda kwake.

Ana mtindo wake mwingine. Hakuna pikipiki inatoka kwake bila kuangushwa. Anachukua miwa nene, urefu wa mguu wa mtu, anaifunga na mpira wa tyubu mahali mguu wa dereva unakaa, halafu anaisukuma pikipiki ilale kwa simiti. Miwa ikitoka nzima, chuma ni kizuri, na wenye wamesimama hapo wanaigawana wanakula. Ikivunjika anaanza upya. Watu wa stej wanaijua hiyo saa, wanakuja. Wabadilishaji pesa pia wanakuja na mifuko yao kifuani.

Ndugu yangu alifungua daftari akamwonyesha mchoro. Fundi aliangalia sana, akapima mguu wake na kamba, kutoka nyonga mpaka kisigino, akauliza kama kifundo kinakunja. Ndugu yangu akakikunja, juu, chini, juu. Fundi akamwambia inawezekana, boss. Sikuwa nimeona uso wa ndugu yangu ukiwa hivyo tangu aanguke.

Hapo nikaongea. Nilisema chuma kipana kwa matope ya Budalang'i kinaingia chini kama jembe, kinashika, pikipiki inapinduka juu yako. Kinatakiwa kiwe chembamba, kikumbatie injini, kiinuke mpaka karibu na tangi, ndio ukianguka unateleza. Nilisema kwa sauti ya mtu wa kazi. Na ilikuwa ukweli, hata leo ningesema hivyohivyo. Lakini ukiweka chembamba hakuna dirisha, na mguu wenye haukunji hauna mahali pa kukaa. Hiyo pia nilijua. Sikuisema, kwa sababu kila mtu aliyekuwa hapo aliweza kuiona.

Fundi hakubishana na mimi. Alisema atashikiza hicho kipana na moto kidogo tu, tuulize miwa. Ya asubuhi ilikuwa imeliwa, akaniambia niende kwa kona ya juu, trela ya kiwanda cha sukari imemwaga zingine.

Nilienda. Kwa kona kulikuwa na miwa zimeanguka siku hiyohiyo, bado zina majani ya kijani, nzito. Chini kwa mtaro kulikuwa na zingine za zamani, zimepigwa na jua mpaka ganda limekuwa la kijivu. Niliinua moja ya juu, nikaiweka. Nikashuka kwa mtaro nikainua ya pili, ikaja na mkono mmoja kama ufagio. Hakuna mtu alikuwa ananiharakisha. Nilisimama hapo muda wa kutosha mtu kubadilisha nia, halafu nikachukua hiyo nyepesi, nikaifuta vumbi na shati mpaka ikaonekana vizuri.

Fundi aliipima mkononi. Akaniangalia. Halafu akaifunga.

Watu walikuwa wamejaa. Mmoja wa boda akauliza huo ni mguu wa nani leo, akaonyeshwa ndugu yangu. Akainama akamvua ndala ya kushoto, akaifunga chini ya miwa na kamba ya kiatu. Akamwambia asijali, huo mguu wa kushoto hauhisi baridi. Watu wakacheka mpaka wale wa upande wa malori wakageuka. Ndugu yangu pia alicheka, amesimama na ndala moja. Angefanya nini kingine.

Fundi akasukuma. Pikipiki ilianguka na uzito wake wote, na miwa ikapasuka katikati, pale kwa goti kabisa. Sauti yake ilikuwa kavu. Ndala ikaruka ikaenda kusimama mbele ya mama wa kuuza mayai.

"Boss," mwenye boda alisema, "sasa umevunjika mara mbili."

Kulingana na mtindo, miwa ikivunjika mtu anaweza kuokota kipande. Jamaa mmoja akaokota, akamenya na meno, akatafuna, akatema. Akasema hii haina kitu ndani. Mwingine akajaribu upande wa pili, akatupa. Watu wakaanza kurudi kwa stej. Ndugu yangu alikuwa anaangalia yale makapi yametemwa chini. Aliangalia makapi, akaangalia barabara ya juu kwenye kona, halafu akaniangalia mimi, na mimi nikawa nafunga kamba ya helmeti yenye haikuwa imefunguka.

Fundi akamuuliza afanye gani. Alimuuliza yeye, kwa sababu mchoro ulikuwa wake. Ni mimi nilijibu. "Kata hiyo. Funga nyembamba. Na nati uzichomelee kabisa."

Hapa kwetu kila mtu anachomelea nati. Usipochomelea, unaegesha asubuhi na chuma, unarudi jioni kimeibwa, kimevuka mpaka. Hakuna mtu angeshangaa nikisema hivyo. Lakini ikichomelewa imekwisha, hakuna siku utaifungua uweke ingine bila kukata fremu yenyewe.

Fundi hakushika moto bado. Alikuwa anamngoja yeye.

"Fanya vile amesema," ndugu yangu akasema. "Ni yeye anaendesha."

Ilichukua mchana wote. Ilipomalizika fundi alitaka miwa ya pili, ajaribu hiyo nyembamba pia, ni lazima kwake. Nikasema nina haraka. Alifuta mikono, akasema basi mimi ndiye wa kwanza kutoka hapo bila kuangushwa.

Kabla tuondoke ndugu yangu aliomba ashikwe apande mbele, mara moja tu. Watu wawili wakambeba. Mguu wa kulia ulikaa sawa. Wa kushoto aliuelekeza mbele, kisigino kikagonga bomba. Akajaribu kuupitisha chini, akajaribu kando. Kisigino kiligonga tena. Fundi aligeuka akaanza kupanga vyuma vyake vyenye vilikuwa vimepangwa. Mimi nilimwambia ndugu yangu ashuke, tunachelewa.

Tukiwa karibu kufika Busia aliongea kwa sikio langu, bila hasira.

"Kwa kona kulikuwa na zenye maji. Niliziona tukipita."

Nikasema simsikii, upepo.

Jumamosi asubuhi mwiko ulilia kwa ukuta, na Jumapili, kidogo. Jumatatu nilienda ofisini peke yangu. Mkubwa alizunguka pikipiki mara moja, akapiga vyuma na kiatu, akaniuliza majina yangu yote yanaandikwaje. Jioni nikikuta mama anasonga ugali, niliona ni ule mwiko. Ulikuwa na alama ya kamba katikati. Tulikula.

Mvua kubwa ilikuja baadaye, na nikaanguka. Si mbali na pale yeye alianguka, chini ya tuta lilelile, upande uleule. Chuma kililala kwa matope kikateleza vile nilisema kitateleza, na mguu wangu ukabaki ndani ya nafasi yake, bila hata mkwaruzo. Nimelala pale na matope mdomoni, kitu ya kwanza nilifikiria si Mungu. Nilifikiria, sasa nitaenda nimwambie.

Nilimkuta amekaa nje kwa kiti. Ni yeye huosha pikipiki siku hizi, hakuna mtu alimtuma. Nilimweleza yote, mpaka vile nilisimama mwenyewe. Alipitisha kidole gumba mahali rangi imetoka kwa bomba.

"Mguu uko sawa?"

"Uko sawa."

"Basi chuma ni kizuri," akasema. "Nilikuwa nafikiria kama kitashika, kwa sababu hukukijaribu."

Nikangoja ataje miwa. Nilitaka aitaje, ndio nikatae, ama nikubali, sijui. Akaomba maji zaidi. Nikaenda kuchota. Nikirudi na ndoo nilimkuta amejivuta na kiti mpaka upande wa kushoto, ameinua mguu wake na mikono yote miwili, anajaribu kuupitisha kati ya bomba na injini, polepole, kama mtu anajaribu ufunguo kwa mlango wa nyumba yenye alihamishwa. Nilisimama nyuma ya jikoni na ndoo mpaka amalize.