Mshika Kipaza Sauti

Kwenye mihadhara ya wazi ya chuo, yeye ndiye huwapelekea wenye maswali kipaza sauti, wala hakiachii. Humshikia msemaji mdomoni kama anayemlisha mtoto uji, kidole gumba kikiwa juu ya swichi. Tangu mwanafunzi mmoja akamatwe langoni mwezi jana kwa sababu ya swali lake, asionekane tena, macho ya mshika kipaza huanzia safu ya nyuma, kwa wanaume wawili wasioandika kitu wala kupiga makofi.

Leo amesimama mwalimu mstaafu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Swali langu fupi tu. Yule kijana wetu wa mwezi jana..." Wale wawili wakainua vichwa. Kidole gumba kikabonyeza.

"Betri imekwisha, mwalimu," akasema, jasho likimtiririka mgongoni. Kisha akanong'ona, "Kaa, baba yangu. Nakuomba."

Mzee akamgusa bega kwa upole. "Usihangaike, binti yangu. Miaka thelathini nimefundisha watoto themanini darasa moja, na kidude hicho sikuwa nacho." Akaigeukia safu ya nyuma, akavuta pumzi hadi tumboni.