Waya Iliyofunga Cheche

Nilianza kazi Jumatatu, tarehe 2 Machi 1953, katika kinu cha kusaga muhogo hapa Baraka, Kongo. Niliajiriwa kuchekecha unga. Fundi wa moteri alikuwa mume wangu, Wilondja, shemasi wa kanisa letu, naye alinifundisha kuiamsha. Kwa hiyo nisimsikie tena kijana akisema wanawake wa zamani hawakujua mashine.

Moteri ile haikuwa na betri wala ufunguo. Ilikuwa na manyeto, yaani sumaku inayozalisha umeme moteri inapozunguka. Umeme huo ulikwenda kwenye buji, nayo buji ikatoa cheche ya kuwasha petroli. Kuiamsha, ulishika manivela, chuma kilichopinda, ukaizungusha kwa nguvu. Kando palikuwa na wenzo mdogo wa kuwahisha au kuchelewesha cheche. Wakati wa kuamsha, cheche lazima ichelewe. Ikiwahi, mlipuko huirudisha moteri nyuma, na manivela humpiga aliyeishika. Moteri ikishachangamka ndipo unaiwahisha, ipate nguvu.

Direkta, yaani mkurugenzi, Mzungu aliyeteremka kutoka Fizi kutukagua, alichukia kuona watu wakisahau kuwahisha cheche, maana moteri ilichemka na kunywa petroli nyingi. Akamwamuru kapita, msimamizi wetu, aufunge wenzo kwa waya upande wa kuwahi. Wilondja alimwonya direkta.

“Fanya kazi. Usinifundishe,” akajibiwa.

Tarehe 16 Agosti 1955 manivela ilirudi nyuma ikamvunja Wilondja mkono wa kulia. Kabla hajafungwa banzi, direkta alikwisha kutangaza sababu: ulevi. Mtu asiyegusa hata kasiksi, pombe ya ndizi!

Kesho yake direkta aliniita mbele ya wanawake waliosubiri na vikapu vyao vya muhogo.

“Mama Riziki, wewe unajua hii moteri. Washa.”

“Waya itoke kwanza, Musyé,” nikasema; ndivyo tulivyowaita mabwana wa Kizungu.

“Waya haina kosa. Bwana yako alikunywa.”

Mwanamke mmoja akacheka kwa sauti. “Basi kamata manivela weye mwenyewe, Musyé! Weye haukukunywa!”

“Ee, tuone!” wenzake wakadakia. “Bamama banangoja unga!”

Direkta akavua koti, akashika manivela. Kisha akaitazama waya. Akaiachia manivela, akaagiza koleo, akaikata waya kwa mkono wake, akausogeza wenzo upande wa kuchelewa, na ndipo akazungusha.

Kumbe alijua! Alijua tangu mwanzo, ila mkono wa kulindwa ulikuwa wake tu. Neno la ulevi hakulifuta. Wilondja hakurudishwa kazini, na kanisa likamvua ushemasi.

Mimi niliiendesha moteri ile hadi nilipoacha kazi, Desemba 1959. Leo mnageuza ufunguo, na kompyuta huchagua yenyewe wakati wa cheche. Ni jambo jema. Lakini msiseme tulivunjika kwa ujinga. Ujuzi tulikuwa nao, na wenzo ulikuwapo, tulikatazwa kuusogeza.

Wilondja alipofariki, mwaka 1981, yule kapita alikuja kwenye kilio. Nilimtaka aseme kweli mbele ya wazee wa kanisa. Akasimama.

“Haikuwa pombe,” akasema. “Ni mimi nilifunga ile waya. Direkta alinituma.”

“Na miaka hii yote ulinyamaza?”

“Mama Riziki, nilikuwa na batoto.”

Nami nilikuwa nao wanne, na shuleni waliitwa watoto wa mlevi.