Mama Pacha na Gari la Maiti

Siku Mama Pacha alipokabidhiwa mashine ya kung'arishia magari kwa mara ya kwanza, aliharibu. Ilikuwa teksi nyekundu. Kwa pupa ya kutaka aonekane anaweza, aliivisha mashine pedi ya manyoya, akapaka dawa nzito ya kukata rangi, akaegemea kwa uzito wake wote. Mikwaruzo ilikimbia kweli. Lakini alipofika kwenye ukingo wa boneti, rangi nayo ikakimbia. Praima ya kijivu, ile rangi ya chini kabisa, ikachungulia kama goti kwenye suruali iliyochakaa. Mjomba wake, fundi rangi mwenye gereji, hakumfokea. Alichomoa waya ukutani, akalitazama lile doa, akamwambia arudi kwenye ndoo na sabuni. Boneti akaipiga rangi upya mwenyewe, na maneno yakaishia hapo.

Yaliishia kwa Mjomba tu. Mng'arishaji wa gereji alikuwa Kifua, mwanamume wa mabega mapana ambaye jina hilo lilimkaa kama shati la kupimiwa, na huyo hakuishiwa maneno. Kila teksi nyekundu ikipita barabarani, alimwita Mama Pacha atoke akamsalimie ndugu yake.

Mama Pacha alicheka na wenzake, maana kununa hakulishi watoto. Alikuwa na wasichana wawili pacha shuleni. Baba yao alishashika njia yake, na cherehani aliyokuwa akiishi kwayo ilikosa wateja nguo za mitumba zilipofurika sokoni. Kuosha magari kulimpa riziki, lakini hakukusudia kuzeekea kwenye ndoo. Nyuma ya gereji ulikuwapo mlango wa gari uliotupwa. Alimwomba Mjomba autumie, na wenzake walipokwenda kula, yeye alimeza chakula chake harakaharaka akaenda kuuhangaikia.

Aliuchoma ule mlango makusudi, hapa na pale, ili ajue rangi inaanzaje kukata tamaa. Alijifunza kuigusa kwa mgongo wa kiganja, kwa kuwa joto husema kabla ya macho kuona. Tena akagundua jambo ambalo teksi ilimfundisha kwa kumchapa: dawa peke yake haina tabia. Ileile ikiwekwa kwenye manyoya hung'ata, kwenye sifongo ngumu hutafuna, kwenye sifongo laini hulamba tu. Hilo halikumshangaza sana. Alikuwa mshonaji, alijua sindano ya kushonea turubai haigusi hariri.

Asubuhi moja likaingia gari la kubebea maiti, refu, jeusi, limepauka. Ukilitazama juani, mistari myembamba ya duara ilienea bodi nzima kama utando wa buibui. Dereva wake, mtu mzima mwenye sauti ya chini, alisema analihitaji kesho, na lazima ling'ae. Kifua alikwisha kushika pedi ya manyoya. Kabla ya chakula cha mchana, alisema, watu watachania nywele humo kama kwenye kioo.

Mama Pacha alikuwa akilifuta maji. Kwenye ukingo wa buti aliona weusi umefifia, unaelekea kahawia. Gari hili limeshang'arishwa mara nyingi, akasema. Vanishi yake ya juu imebaki nyembamba mno, manyoya yataimaliza.

Kifua alicheka. "Abiria wake wenyewe wamelala. Nani atalalamika?"

Dereva aliangalia chini. "Kesho linambeba mama yangu," akasema.

Hakuna aliyejua pa kuweka macho. Kifua aliishusha pedi taratibu, akaomba radhi, na ilikuwa radhi ya kweli. Mjomba alikwenda kwenye buti, akapitisha kidole ukingoni. Kisha akaichukua mashine mezani, akampa mpwa wake.

"Ukifika kwenye praima, mwanangu, sina muda wa kulipiga rangi."

"Najua, Mjomba."

Alibandika selotepu ya karatasi kwenye kingo zote kuzikinga, akawasha mashine. Alichagua sehemu ndogo ya buti, pasipoonekana sana, akaanza na sifongo laini kuliko zote na dawa nyepesi kuliko zote. Akafuta, akamulika kwa tochi: utando upo palepale. Hakubadilisha vyote viwili. Aliiacha dawa ileile, akachukua sifongo ngumu zaidi. Utando ukapungua. Hapo ndipo akapandisha dawa hatua moja, na mistari ikatoweka, ikabaki ukungu hafifu ambao ile sifongo laini iliupangusa baadaye. Kifua, aliyesimama karibu mikono kifuani, alimuuliza kwa upole mbona anazunguka mbuyu, akate tu mara moja. Akamjibu kwamba rangi ukiikosea kwa upole unarudia, ukiikosea kwa ukali unajuta.

Kazi ilimla siku nzima. Alifanya kipande kwa kipande kivulini, akibadilisha sifongo zilipolewa dawa, akizima mashine kila bati lilipopata moto. Kingo alizisugua kwa kitambaa na vidole, hadi mabega yakawaka. Wasichana wake walipita kutoka shuleni, wakamwona, wakaelewa kwamba leo si siku ya kumsemesha, wakaenda nyumbani kuinjika chakula wenyewe.

Jua lilipolegea, dereva alirudi. Alilizunguka gari polepole. Kwenye mlango wa nyuma alijiona mzima, akafunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi. Mama Pacha alimwonyesha mkwaruzo mmoja mrefu chini ya dirisha. Alimwambia kauacha kwa kujua. Angeufuata, angetoboa rangi.

Dereva aliupapasa. "Mama hakukubali hata siku moja nimpe lifti kwenye gari hili," akasema. "Alikuwa akisema, zamu yangu itafika tu, haraka ya nini?"

Akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Mama Pacha alimshika mkono, akakaa naye hivyo mpaka alipoweza kuendesha.

Tangu siku hiyo mashine ilikuwa ya wawili. Mjomba hakutoa hotuba. Alitafuta tu ndoo nyingine na mtu mwingine wa kuishika. Kifua alichukua muda. Hatimaye alikuja na gari la kijani, akauliza huku akitazama pembeni, kana kwamba anaulizia mvua, eti hili lingefaa sifongo gani.

Mama Pacha hakumtajia. Alimwambia aanze na laini kuliko zote, halafu alisikilize gari lenyewe.