Siku Niliyogeuka Fundi wa Kipanga

Hili jambo nililificha, na hata leo nisingelisema, ila mke wangu ameanza kulisimulia kwenye harusi za watu, tena kwa kutia chumvi, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenye aibu yangu.

Mimi ni seremala, nachonga milango Bagamoyo mjini, na ni shabiki wa Kipanga. Kama humjui, Kipanga ni kijana wa Mlingotini anayeshindana mbio za pikipiki, zile za vumbini za kuruka matuta, na siku anayokimbia, randa naiweka chini hata mteja awe mlangoni. Mapenzi yakanizidi mpaka nikashonesha ovaroli ya rangi ya chungwa sawasawa na za timu yake, mgongoni limeandikwa jina KIPANGA. Mke wangu, Mwanaisha, aliitazama akasema, "Baba Zuleha, kwa umri huu?" Nikamwambia mapenzi hayana umri.

Basi Jumapili moja mbio zikawa Mapinga, nikaenda na Mwanaisha, watu kama siafu. Natafuta pa kusimama, mlinzi wa geti la ndani akaiona ovaroli yangu akapaza sauti, "Fundi! We fundi wa Kipanga, pita huku!" Sasa jamani, mimi naitwa fundi kila siku ya Mungu, nikaitika kabla sijafikiri. Ningeweza kusema mimi ni fundi wa milango. Sikusema. Nikamwachia Mwanaisha mwavuli, nikapita kwa maringo.

Kwenye hema la timu hapakuwa na mtu (fundi mwenyewe, nilikuja kujua baadaye, alikuwa amekwenda msalani). Nimesimama naishangaa pikipiki, mara Kipanga huyu hapa, kofia ngumu kichwani, usoni hakunitazama, macho kwenye ovaroli tu. "Fundi, ongeza mafuta, fainali sasa hivi!" Moyo wangu! Miaka yote namtazama kwa mbali, leo ananituma. Palikuwa na madumu mawili yanayofanana, na ningenusa, lakini nilikuwa na mafua ya wiki nzima, pua imeziba kabisa, nikachukua lililo karibu, nikamimina, nikafunga kifuniko, nikampigia saluti (saluti, jamani!).

Bendera ikashuka, Kipanga akatoka wa kwanza, nami naruka juu kama mtoto. Akapanda tuta, akashuka, halafu pikipiki ikakohoa mara tatu, ikanyamaza. Wenzake wote wakampita, wa mbele namba saba, mpinzani wake mkubwa. Mtangazaji anauliza kwenye spika, "Kipanga kapatwa na nini?" Nami nimeshika kichwa, namlaani fundi!

Wakaisukuma hadi hemani. Fundi wa kweli akafungua tangi, akachovya kidole, akanusa. "Maji! Nani katia maji ya kuoshea?"

Mlinzi akaninyooshea kidole. "Si fundi wenu huyu?"

"Fundi wao ni mimi! Huyu nani?"

Watu wakajaa, simu zimeinuliwa. Kipanga akavua kofia, jasho linamtiririka, akaniuliza taratibu, "Kaka, wewe nani?"

"Seremala," nikasema. Nikaongeza, "Shabiki wako. Tangu siku ya kwanza."

Akanitazama, akaitazama ovaroli, akaitazama pikipiki yake. "Basi kaka, nakuomba kitu kimoja. Msimu ujao kamshangilie namba saba."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwanaisha akapenya katikati yao, akanitupia mtandio wake mabegani kuficha lile jina, akaniongoza nje kama mgonjwa. Yeye hakucheka. Alisubiri tufike nyumbani, akafunga mlango, ndipo akacheka mpaka machozi, nami nikashindwa kujizuia, ingawa usiku sikupata usingizi, kwa sababu kombe lile kijana alilifanyia mazoezi mwaka mzima, na aliyemkosesha ni mimi ninayejidai kumpenda.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mlingotini kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, tukanywa chai, akasema yamekwisha. Ila nilipoinuka kuisogelea pikipiki niitazame, naye akainuka, akasimama katikati.

Bado ni shabiki wake, wallahi. Lakini cheo kisicho changu, hata nikipewa kwa ngoma na tarumbeta, nakikataa papo hapo.