Dakika Ishirini za Injinia

Kanisani kwao Kangemi kila mtu alimwita Ochola Injinia, na hata mwaka wa pili wa chuo kikuu hajaumaliza. Baba yake, fundi Ajwang, ndiye aliyelianzisha jina hilo. Akichomelea dirisha kibandani pake husimamisha kazi amwambie mteja, "Kijana yangu anasomea hii maneno." Masikini, hakujua kwamba fizikia na kalkulasi Ochola alizipita kwa mwakenya, vikaratasi vya kuibia mtihani alivyoficha kwenye soksi.

Basi Ajwang akalitengenezea kanisa tangi la maji. Likipendeza, atapewa na kazi ya geti kubwa. Mzee Gerishon, mwenyekiti wa ujenzi, akauliza tangi likijaa kisha bomba lifunguliwe, litaisha kwa muda gani?

"Injinia atatupigia hesabu," Ajwang akasema, kifua mbele.

Ochola akakimbilia saiba, duka la intaneti, huko Hurlingham asikojulikana, akaandika swali mtandaoni, pale wajuzi wanaposaidia wanafunzi. Jibu likaja upesi: tuonyeshe umefika wapi, tuendelee kutoka hapo. Aibu ikamchoma masikio. Hakuwa amefika popote, na mtu asiyemwona kashamjua. Akarudi Kangemi, akalifungulia bomba tangi likiwa limejaa, akapima ndoo ya kwanza ilijaa kwa muda gani, akazidisha kwa idadi ya ndoo zote za tangi. Dakika ishirini, akawaambia wazee.

Jumapili baada ya ibada wazee wakafungua bomba, macho kwenye saa. Maji yalianza kwa kishindo, kisha yakalegea, maana tangi likipungua na nguvu ya maji hupungua. Kalkulasi yote ilikuwa hapo. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa ya dakika ishirini tu: zilipokwisha, robo ya tangi bado imo. Likaisha kwa arobaini.

"Hesabu ya chuo haiwezi kukosea," Ajwang akasema kwa sauti ya chini. "Ni mimi nimechomelea bomba vibaya. Nisameheni."

Gerishon akajibu polepole kwamba basi geti watalitafutia fundi mwingine. Ochola alikuwa papo hapo. Alitazama viatu vyake.

Jumatatu tangi likarudishwa kibandani kwa mkokoteni. Ochola akamkuta baba yake amepiga magoti, grainda inanguruma, anataka kulikata bomba lisilo na kosa lolote.

"Baba, wacha. Hiyo hesabu mimi sikuijua."

Ajwang akaizima grainda. "Umesema nini, Injinia? Sijasikia."

Mafundi wa vibanda vya jirani nao walikuwa wameacha nyundo, wanatazama. Ikabidi arudie.